Kapita na ba-Kambale Bane

Niseme kwanza ile ya haya, kisha tutakaa muzuri: mimi njo niliiba nafasi ya mwenzangu. Si kuku, si nguo. Nafasi. Timu kubwa ya Stanleyville iliita muchezaji moya wa timu yetu ya Butembo aende kucheza kule, na mimi, gardien wa pili, mulinzi wa goli wa kukaa pembeni na kushika makoti ya benzake, nilipanda camion, ile lori, pa nafasi yake. Na hata sikudanganya jina. Ile njo inaniuma zaidi. Jina ilikuwa yangu.

Mais hapa sitaki kusema juu yangu. Maisha yangu ni kidogo, inaingia mu mufuko ya shati. Masomo yangu ilikomea mu troisième primaire, darasa ya tatu. Mwalimu na mimi tulipatana kuachana. Nataka kusema juu ya Kapita, sababu batu benye balimujua banaisha, na bale banabaki banasema paka ile kosa moya tu, yenye haikuwa yake.

Tulimuita Kapita juu alikuwa mukubwa wa batumishi mu depot ya kahawa, na jioni alikuwa entraîneur wetu, mufundishaji wa mupira. Jina yake ninaijua. Batoto bake bako, njo maana ninaiacha. Butembo yote ilimuita Kapita, hata bibi yake, hata padiri.

Ya kwanza yenye mutu alionaka kwa Kapita ni ile: hakujua kupiga mupira. Gunia ya kahawa ilimuangukia ku muguu zamani, na ule muguu ulibaki unageuka inje sawa mulango ya kuharibika. Yee alitufundisha na mbegu za kahawa. Alizipanga juu ya meza ya depot, nyekundu ni siye, mbichi ni bandugu betu ba Beni, akasukuma moya na kidole: "Wewe unatoka hapa, unaenda pale. Hapana kukimbia bure. Mbuzi njo inakimbia bure." Siku moya Kambale Kofia, muchezaji wetu moya, alikula mbegu moya juu ya kuchekesha. Kapita akamutazama, akasema: "Bon. Sasa tuko batu kumi. Cheza vile." Tulicheza ile jioni yote batu kumi, na Kofia alikaa chini, na hapana mutu alicheka tena.

Ile "bon" ilikuwa chakula yake. Nikifungwa goli, na nilifungwaka sana, bengine balinitukana na mama yangu na shangazi zangu. Kapita alisema paka: "Bon. Iko wapi ingine?" Maana yake: ile imekwisha kuingia, acha kuiangalia mu wavu, tafuta mupira yenye inakuya. Nimesikia mahubiri mingi mu maisha. Hapana moya ilinikaa ndani sawa ile.

Uwanja wetu, kule Mususa, haukuwa na chokaa. Kapita aliandika mistari na majivu. Kila muchezaji alipaswa kuleta sufuria ya majivu kutoka jikoni kwabo, na kama uliweka udongo ndani, alijua, alionja na kidole. Bamama balimuogopa. Mama moya muzee, jirani ya uwanja, alikuwaka anapiga kelele: "Kapita anakuya kuomba majivu! Mufiche hata moto!" Kisha yee mwenyewe njo alimupatia nyingi kupita bote. Mvua ilinyesha, mistari ikaenda na mayi. Kapita alirudi, ule muguu inje, sufuria mu mukono, akaanza tena ku kona. Nilimuuliza siku moya: "Tata, huchoke?" Akajibu: "Uwanja bila mistari ni shamba ya mutu mwengine."

Na alikuwa na tabia ya kuhesabu bichwa. Mbele ya kila safari alipanda ku gurudumu ya camion, akapitisha mukono juu ya kichwa ya kila mutu, moya, mbili, tatu, mpaka mwisho. Hata bale batu bengine benye balikuwa banaenda sokoni, hata bamama na bitunga byabo, aligusa bote. Mama moya alimuuliza: "Kapita, mimi ninacheza nafasi gani?" Akajibu bila kucheka: "Arrière, kule nyuma. Unafaa kuliko benye niko nabo."

Juu ya kusema kweli, alikuwa mubaya. Ninasema mubaya. Siku moya tulienda kucheza na timu ya bafanyabiashara baislamu ba Beni, batu ba macamion, na tulikuwa tunashinda moya bila. Mbio, ailier wetu, mukimbiaji wa pembeni, alikuwa ametia ile goli na mukono. Arbitre, mwamuzi, hakuona. Batu bote hapana kuona. Kapita akaingia mu uwanja anachechemea, akamuambia arbitre: "Ile ni mukono. Ifute." Tulipoteza mbili bila. Zile mbili, hapana kuuliza nani alikuwa gardien. Ule wa kwanza alikuwa mugonjwa.

Capitaine wa Beni, mutu wa ndevu, mwenye camion mbili, alikuya kumusalimia na mikono yote mbili. "Muzee," alisema, "batu sawa wewe banatisha." Mu camion ya kurudi batu bote balimugeuzia Kapita mugongo. Yee alikata mukungu ya bitika, ndizi za kwetu, akagawanya. Akafika kwa Mbio, akamupa mbili. "Ya pili ni ya nini?" Mbio aliuliza, bado na kasirani. "Ni juu utatia ingine na muguu," Kapita alisema.

Ile njo nilitaka mujue mbele ya kufika ku camion ya Stan, ni kusema Stanleyville.

Kwetu Banande, jina iko sawa namba ya kiti. Mwanaume wa kwanza iko na yake, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, hivyo mpaka mama anachoka. Kila nyumba iko na Kambale wake. Mu timu yetu tulikuwa bane. Ili mutu akiita tusigeuke bote bane sawa kuku zinaona mahindi, kila moya alipewa jina ya kuchekelea. Kulikuwa Kambale Mukubwa. Kulikuwa Kambale Kofia, yenye hakutoa kofia hata mu misa mpaka padiri amutazame. Kulikuwa Kambale Mbio, na mutu asiyemuona akikimbia hajui kwa nini Mungu aliumba miguu. Na kulikuwa mimi, Kambale Kitunga. Mwaga mayi mu kitunga, utaelewa kazi yangu ya gardien.

Ilikuwa kisha uhuru, mbele ya rebellion, ile vita ya baasi. Mukubwa moya wa timu kubwa ya Stan alipita Butembo juu ya kazi ya mafuta, akaona mechi yetu, akamuona Mbio. Akaongea na Kapita mu depot siku muzima. Kisha mwezi moya barua ikakuya: timu ya Stan inatukamata sawa mutoto wake. Balisema "filiale." Beye batatutumia maillots, nguo za kuchezea, na mipira ya ngozi, siye tutabatumia bachezaji bazuri. Maillots zilifika mu gunia, kijani na nyeupe, kubwa sana, juu batu ba Stan banakula. Yangu ilifika mu magoti. Kapita alizifua yee mwenyewe, hakuacha bibi yake aguse. Siku tulizivaa mara ya kwanza alitupanga ku mustari ya majivu, akatugusa bichwa, moya moya, na sauti yake ilikatika ku saba. Tuliona, tukaangalia chini. "Sasa tuko na baba," alisema.

Balikuwa bameomba liste ya bachezaji. Kapita aliiandika na ile mukono yake nzuri ya mission. Mais hakuandika majina ya kuchekelea. "Barua ya serikali haiandikwake Kitunga," alisema. Haikuwa ya serikali, mais kwake kila barua ilikuwa ya serikali. Aliandika Kambale, Kambale, Kambale, Kambale. Na jibu ya Stan ilisema: mutume Kambale, yule tuliona.

Hapana mutu alikosa kuelewa. Batoto ba barabara balijua ni Mbio. Mimi pia nilijua.

Camion ilipaswa kuondoka siku ya kwanza, ni jumatatu. Mbio alienda Vuhovi kumuaga mama yake. Siku ya posho, ni jumamosi, asubuhi mawingu ikasimama nyeusi juu ya milima. Wakati ile mvua ikianza, balifungaka barabara na muti, camion hapana kupita mpaka udongo ukauke, na ungeweza kukaa juma muzima. Mwenye camion, ule wa ndevu wa Beni, alisema: tunaenda sasa. Mimi nilikuwa pale kusaidia kupakiza magunia. Chauffeur akasimama ku mulango, akaita:

"Kambale wa Stan iko wapi?"

Kinywa yangu ilijibu mbele yangu. "Niko hapa."

"Panda basi, unangoja askofu?"

Nikapanda. Nilijisemea: ninapanda paka kidogo, ninasikia namna inakuwaka. Mais mama yangu alikuwa pale, analeta maharagwe ya kuuzisha. Aliniona juu. Akaachilia kitunga yake chini na akaanza kulia na kucheza pamoja. "Mutoto wangu! Ule mulimuita Kitunga! Angalieni!" Batu bakakusanyika. Fundi wa bilato, mushona biatu, alinipa mukono. Mama moya alinitupia ndizi. Na mimi, batu bangu, niliinua mukono nikabasalimia sawa ministre.

Njo Kapita akafika na kinga, baiskeli yake. Alikuwa amesikia camion inaondoka. Akapanda ku gurudumu, akaanza kuhesabu bichwa, moya, mbili, tatu. Akafika kwangu. Ule mukono ulinuka kahawa na majivu. Ulibaki juu ya kichwa yangu muda mrefu sana. Nilifunga macho, nikangoja anikamate ku kola. Chini mama yangu alikuwa anaendelea kuimba.

"Bon," Kapita alisema.

Akashuka. Akapiga mbao ya camion mara mbili, na tukaenda.

Ya Stan nitasema mbio mbio, juu Stan pia ilinifukuza mbio mbio. Ule mukubwa yenye alimuona Mbio alikuwa bado safari. Balinivalisha, balinipeleka ku aile, pembeni, nafasi ya Mbio, balinipa mupira. Mupira ilienda upande wake, na mimi wangu. Muchezaji moya, mutu mukubwa wa maneno ya taratibu, aliniuliza: "Ndeko, kwenu Butembo munakimbiaka na magoti?" Nilicheka. Yee hakucheka. Alinihurumia, na kuhurumiwa ni mubaya kuliko kutukanwa. Juma mbili nililala mu chumba ya maillots. Kisha balinipa barua ya kufungwa, niipeleke kwa Kapita. Niliibeba siku ine ku kifua, inje ya mvua, sawa mutoto muchanga, na sikujua kama ndani yake ni kifo ya timu yetu.

Kapita aliisoma mbele ya komite ya timu, mu depot, batu bote bamesimama. Timu ya Stan ilisema tulibadanganya, mutu yenye baliomba si mutu yenye tulituma, hatuko tena mutoto wabo, turudishe maillots. Président wa komite, mufanyabiashara wa chumvi, akauliza: "Nani alimutuma huyu?"

Nilifungua kinywa. Ninaapa nilifungua.

"Ni mimi," Kapita alisema. "Niliona Kitunga iko na kitu ndani. Nilikosa."

Ule mutu yenye alifuta goli yetu ku Beni. Batu balicheka mpaka bakashika magunia. "Kitunga iko na kitu ndani!" Na mimi, juu ya kujificha, nilicheka nabo. Ile kicheko ningali ninaisikia.

Ile siku balimutoa ku timu. Yee alifua maillots zote mara ya mwisho, akazipiga pasi, akazirudisha ku camion ya mutu wa ndevu. Tulicheza na singlets, nguo zetu za ndani. Mbio, ile siku ya yenga, jumapili, yenye alirudi kutoka Vuhovi, alikuwa ameleta jogoo ya kumushukuru Kapita. Alikuta nilikwisha kwenda. Nilisikia aliweka ule jogoo ku mulango ya Kapita, miguu imefungwa, akaondoka bila kusema. Alingoja barua ingine. Hapana barua ilikuya.

Yenye ilikuya ni rebellion. Ilitoka kule kule Stan, ikashuka ku barabara ile ile. Batu ba Mususa tulikimbia ku milima, na pale tulivuka mutoni Kapita alisimama mu mayi, akagusa kichwa ya kila mutu yenye alipita, muchezaji, padiri, bamama. Akamaliza, akasema: "Kunakosekana moya." Ilikuwa ule mama muzee wa majivu. Akarudi. Tulimuambia asirudi. Alirudi na ule muguu wake. Kesho yake mu mchana tulimuona anapanda kilima, peke yake, na sufuria ya ule mama mu mukono. Aliiweka chini, akakaa pembeni yake, na mara ile tu sikusikia "bon."

Kisha vita, habari ya Stan ilifika kidogo kidogo: nani aliisha, nani hajulikane. Ule muchezaji yenye alinihurumia, sikupata tena habari yake. Njo pale nilipata dawa yangu. Nilianza kusema ku kila kabaré: "Mimi nilimuokoa Mbio! Kama angeenda Stan, angeishia kule." Batu balipenda ile. Bengine balininunulia kasiksi, pombe ya ndizi. Siku moya Kapita alipita, akasikia, akasimama mbele yangu.

"Kitunga. Ulipanda juu ya kumuokoa?"

"Hapana, Tata."

"Basi hapana geuza mwizi kuwa malaika."

Sikuisema tena. Mais mu roho niliendelea.

Miaka ikapita, inchi ikabadilika jina, mimi nikakuwa fundi wa makinga. Nikasikia Kapita ni mugonjwa, anaishi Vuhovi kwa binti yake. Nikaenda. Alikuwa ameketi mu lupango, inje ya nyumba, ku jua, lungo ya maharagwe ku magoti, anachagua mbaya na vidole, juu macho ilikuwa imekwisha kumuacha.

"Wabukire, Tata."

"Wabukire. Ni nani?"

"Kambale."

"Kambale gani?"

Nikakaa chini. "Kitunga."

Akacheka, meno mbili. "Sasa njo unasema."

Tukakaa. Nikamusaidia maharagwe. Kisha nikatoa ile yenye nilibeba toka ujana. "Tata, siku ya camion, ulijua ni mimi?"

"Mukono yangu inajua bichwa byenu byote. Yako iko na kilima hapa nyuma."

"Kwa nini hukunishusha?"

Alichagua maharagwe mingi mbele ya kujibu. "Mama yako alikuwa anaimba. Ulikuwa umekwisha kupanda, mbele ya batu bote. Kama ningekushusha pale, ungeshuka maisha yako yote."

Nililia. Mutu muzima, na mafuta ya cheni ku mikono, nilijipaka uso mpaka binti yake alileta mayi. Kapita alinigeuzia uso wake, akangoja, sawa mutu yenye anajua kuko mupira ingine njiani. "Bon," alisema. "Iko wapi ingine?" Mimi nilifikiri ni maharagwe, nikamusogezea lungo. Sikuuliza kitu tena. Nilikuwa nimeshiba. Wakati wa kuaga alitafuta kichwa yangu, akaweka mukono pale pale. Mbele mvua iishe balituletea habari kama amekufa.

Kisha maziko nilienda Mbau, kwa Mbio. Anauzisha mbao pembeni ya barabara, amenenepa, muguu moya unamuuma. Tulibaki barafiki, namna batu banabakia barafiki juu ya kutoongea kitu moya. Ile siku nilikiongea. Nilimusimulia yote, lungo, jua, mama yangu anaimba, "ungeshuka maisha yako yote," na nilimusimulia na furaha, sawa mutu analeta zawadi. Mbio alikuwa anapima ubao. Hakusimamisha mukono mpaka alimaliza, akaandika alama, akaweka penseli ku sikio.

"Ni vizuri," alisema. "Wewe hakukushusha. Na mimi, Kitunga, nani alinipandisha?"